Kurumbiza wa Ijumaa Jioni

Wanangu husema Ijumaa jioni mimi huwa situlii, na hawajakosea. Ikikaribia saa kumi na mbili nainuka, natoka nje, narudi ndani, nafungua dirisha nililolifunga mwenyewe. Nikiulizwa natafuta nini, nasema sitafuti kitu. Wamenizoea. Majuzi walinipeleka kula kwenye hoteli moja mjini Kisii, yenye bustani, na katikati ya bustani pana kizimba kirefu cha ndege kilichozungushiwa waya mpaka juu. Sijamaliza hata supu nikasikia kurumbiza anaimba. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, naye anaimba wimbo wa jioni. Niliacha kijiko nikaenda kusimama kwenye waya. Harufu ikanipokea: makapi ya mtama, kinyesi kikavu, mbao iliyolowa maji. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya koti la baba yangu. Supu ilipoa nikiwa nimesimama pale.

Baba yangu, Tata kama tunavyosema kwetu, alikuwa mlishaji wa ndege. Najua kazi hiyo inachekesha. Hata majirani waliicheka, kwamba mwanamume mzima, mwenye shamba, anaenda mjini kulisha vitu ambavyo sisi tulivifukuza kwenye shamba la wimbi kwa kupiga madebe. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Uhuru ulikuwa bado mpya, na mfanyabiashara mmoja wa vitambaa mjini Kisii, Mhindi, alikuwa na kizimba nyuma ya nyumba yake. Tata aliajiriwa kwanza kufyeka nyasi. Ndege wakamzoea, mke wa tajiri akaliona hilo, na fyekeo likapewa mtu mwingine.

Sisi tulikaa upande wa Nyamira, kwenye mgongo wa mwisho wa vilima kabla ya kufika Ekerenyo. Chai ilikuwa miche tu wakati huo, watu walilima pareto, na migomba ilizunguka nyumba. Ndege tulikuwa nao wa bure. Chozi walikuja asubuhi kunyonya ua la mgomba, wanameta kijani na zambarau. Bondeni alikuwepo yule mweusi mwenye mkia mrefu, anayeruka kwa shida kama mtu aliyevaa kanzu ya kuazima. Kwera walipiga kelele kutwa nzima kwenye mianzi ya kijito. Wote niliwapenda, ila wa moyo wangu alikuwa kurumbiza: kichwa cheusi, mstari mweupe juu ya jicho, kifua rangi ya chungwa lililoiva. Aliishi kwenye ua wetu wa miti, chini karibu na jikoni, na jina hilo la kurumbiza nilikuja kulijua ukubwani. Nyumbani tulimwita ndege wa Sabato.

Nieleze kwa nini. Sisi tulikuwa Wasabato, na Ijumaa jua likizama kazi zote zinakoma. Kuni zimeshaingizwa, maji yameshachotwa, chakula cha kesho kimeshapikwa na kufunikwa. Wakati wa kiangazi hakuna shida, unaliona jua likigusa milima ya Manga. Lakini mnaoijua Gusii mnazijua mvua zetu. Mchana wingu linashuka mpaka kwenye migomba, na jua hulioni tena mpaka kesho yake. Saa ya mkono alikuwa nayo mzee wa kanisa, na yeye alikaa mgongo mwingine kabisa. Basi Mama, kama mama yake kabla yake, alimsikiliza ndege. Kurumbiza huimba mwanga unapoanza kuondoka. Huanza chinichini kama mtu anayejisemea, kisha anapanda, anapanda, mpaka unadhani atapasuka. Akishaanza, Mama aliweka chini chochote alichokuwa amekishika. Nimewahi kumwona akiacha wimbi nusu limesagika juu ya jiwe, akanawa mikono na kukaa.

Mimi nililielewa jambo hilo kitoto. Kwangu ndege hakuwa anatangaza Sabato, alikuwa anaileta. Yeye ndiye aliyefunga Ijumaa, kama mwenye duka anavyofunga mlango wa duka lake, na asipofunga, Ijumaa inaendelea. Nilidhani pia kwamba yuko mmoja tu kwa ajili yetu, na kwamba watu wa migongo mingine wana Sabato zao na ndege wao.

Tata alikuja nyumbani Ijumaa moja moja kwa baiskeli, na njia ya kutoka Kisii si ya mchezo, milima na udongo mwekundu unaojaa kwenye magurudumu. Sabato ikimkuta njiani, anasimama. Alikuwa mtu wa msimamo kwa mambo hayo. Mara moja ilimkuta karibu na Nyamira, akaingia kwa muumini mwenzake na kukaa huko mpaka Jumamosi jioni. Alipofika kwetu alikula, akambeba mdogo wangu Makori kidogo, akalala, na asubuhi tukaamka hayupo. Tangu siku hiyo nilimpenda yule ndege na kumwogopa kwa pamoja. Kila Ijumaa ya Tata nilishinda nakimbia kati ya barabara na ua, naangalia kama anakuja, nasikiliza kama ndege ameanza. Mama alisema nitachimba mtaro kwa miguu.

Likizo moja Mama alinipeleka mjini, na ndipo nilipokiona kizimba. Nilikuwa nimekifikiria kama banda la kuku. Kumbe kilikuwa kikubwa kuliko nyumba yetu, na ndani yake palipandwa miti. Walikuwemo chiriku wa manjano kutoka ng'ambo, na wadogo wenye mashavu mekundu waliobanana kwenye tawi moja ingawa matawi yalikuwa tele. Kwera wa humo, kwa kukosa nyasi ndefu, walifuma viota vyao kwa nyuzi za dukani, nyekundu na buluu, vikaning'inia kama mapambo ya sikukuu. Tata aliingia na debe la mtama huku akipiga mluzi, nao wakamshukia kofiani, mabegani, mpaka kwenye mkono wenye debe. Alikuwa anacheka. Nyumbani hakuwahi kucheka vile, na nikaona wivu. Niliwaonea wivu ndege, nasema bila aibu.

Kwenye pembe, chini ya taa ya umeme iliyowashwa kutwa kuwapasha joto wale wageni wa ng'ambo, nikamwona kurumbiza wetu. Si yuleyule, lakini ndiye, mstari mweupe na kifua chake. Akaanza kuimba. Ulikuwa mchana wa Jumanne. Nilimwuliza Tata kama kwa Wahindi leo ni Sabato.

"Huyu hajui jioni tena," alisema. "Taa imemchanganya. Ndege akifungiwa, saa zinamtoka."

Mama alicheka. Mimi sikucheka, niliyashika maneno hayo na kwenda nayo nyumbani.

Mvua ndefu zilipoanza, habari zikaja kwamba yule mfanyabiashara anahama na familia yake. Wengi wa Wahindi walikuwa wanahama siku hizo. Ndege wake walikuwa wamenunuliwa na tajiri mmoja wa Nairobi, aliyewataka pamoja na mtu anayewalisha. Niliyasikia haya nikiwa nyuma ya mama yangu na Mama Nyaboke, mke wa baba mdogo, wakichuma pareto. Mama alikuwa anachuma haraka haraka, anaacha maua yaliyokomaa na kuchuma machanga. Alisema Nairobi si Kisii. Nairobi mtu hatoki Ijumaa kwa baiskeli. Mwanamume anaenda mara moja, anarudi Krismasi, halafu Krismasi nyingine harudi. Alisema Tata anakuja Ijumaa hii ili waamue, maana Jumapili asubuhi ndege wanapakiwa kwenye gari, na Jumamosi, Sabato ikitoka tu, lazima apande lori la ndizi kurudi mjini.

"Akiwahi Ijumaa nikaketi naye, atabaki," Mama alisema. "Najua nitakavyomwambia. Lakini Sabato ikiingia kabla hajafika, basi. Siku nzima hatutagusa habari za kazi, na ikitoka ataondoka."

Mama Nyaboke alisema waombe mvua isinyeshe. Mimi nilikuwa nimeshawaza kingine.

Ijumaa hiyo mvua ilinyesha mapema na kukatika, wingu likabaki limelala juu ya migomba. Baada ya mvua kumbikumbi walitoka kwenye kichuguu nyuma ya jikoni, na mahali walipo kumbikumbi kurumbiza hakosi. Nilichukua kikapu cha kuvunia wimbi, nikakiegemeza kwa kijiti, nikafunga kamba kwenye kijiti, nikajificha nyuma ya jiwe. Kurumbiza alikuja akirukaruka, anasimama, anainamisha kichwa, anarukaruka tena. Nilivuta. Nilimsikia akipigapiga mabawa ndani, kisha akanyamaza. Nilikisukuma kikapu taratibu mpaka ndani ya ghala, nikakifunika gunia ili awe kwenye giza, nikaweka jiwe juu. Halafu nikatoka kwenda kumsaidia Mama bila kuambiwa, jambo ambalo lingetosha kumtia wasiwasi kama angekuwa na nafasi ya kuliona.

Hakuwa na nafasi. Alipika, akafagia, akasaga, akamwosha Makori, akamwosha tena. Kila baada ya muda mfupi alisimama mlangoni na kugeuza sikio kwenye ua. Kimya. Alitazama mbingu, na mbingu ilikuwa ya kijivu kama ilivyokuwa tangu mchana. "Bado mapema," alisema, akaendelea na kazi. Nilifurahi ajabu. Nilikimbia mpaka barabarani, hakuna mtu. Nikarudi. Nikakimbia tena. Ng'ambo ya kijito nilimsikia kurumbiza mwingine anaanza, mbali, chinichini, nikajiambia ile ni Sabato ya ng'ambo, wao na yao. Hata hivyo, kwa tahadhari, nilianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa huku napiga debe. Mama aliniuliza leo nimeamkia upande gani. Nikasema naimbia Sabato inayokuja, na nikaendelea mpaka koo likauma.

Giza likaja hivyo hivyo. Halikuniuliza. Mama alikuwa ameinama kwenye jiwe la kusagia alipogundua kwamba haoni unga. Aliinua uso na kuangalia huku na huku kama mtu aliyeamshwa. Kisha aliuacha mkono ukae juu ya jiwe, akasema taratibu kwamba imeingia zamani na yeye anasaga. Hakunigombeza, hakujua. Aliwasha taa ya chemni, akakaa kwenye kigoda, na niliona mabega yake yameshuka. Nilitaka kumwambia bado, ni Ijumaa hata sasa, asikate tamaa. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Na Tata akaja. Tuliisikia kwanza baiskeli, si magurudumu, bali mnyororo, maana alikuwa ameibeba begani. Alisimama mlangoni amelowa mvua ya njiani, udongo mpaka magotini, ile harufu yake ya mtama imechanganyika na mvua. "Bwairire," alisema, salamu ya jioni, kama mgeni yeyote. Niliruka. Nilimshika mkono na kumvuta ndani, nimeshinda, nimeizuia Sabato mpaka amefika, sasa wakae wazungumze.

Mama hakuinuka.

"Umetembea ndani ya Sabato, Baba Makori," alisema.

"Bado, Mama," nikasema mimi. "Ndege hajaimba. Nimemfungia."

Walinitazama wote wawili. Tata aliuliza nimemfungia wapi. Tulienda ghalani na taa, akaondoa jiwe, akaingiza mkono chini ya kikapu na kumtoa kwa vidole viwili shingoni na kiganja mgongoni, vile alivyowashika wale wa mjini. Alimpuliza manyoya, akamnyoosha bawa moja, halafu lingine. Alisema hana jeraha, lakini tusimwachie gizani, atagonga miti. Alimrudisha chini ya kikapu, akaondoa gunia. Kisha akachutama mbele yangu, na hapo ndipo aliponiambia.

"Si mmoja, mwanangu. Wako kila ua. Nimewasikia tangu Nyamira, akimaliza huyu anapokea yule. Nimepita chini yao njia nzima."

Nilimwuliza kwa nini basi hakusimama, kama siku zote.

Aliinuka na taa. "Leo sikuweza," alisema.

Tuliporudi jikoni Mama alikuwa bado kwenye kigoda. Alimtazama Tata kwa muda mrefu, viatu, suruali, uso. Halafu alisema neno moja tu, bila kupandisha sauti: "Umeshakubali kwenda."

"Mama Makori," Tata akajibu, "ni Sabato."

Nilikula nikiwa katikati yao na kulala usingizi mzuri, kwa sababu sikuwa nimeelewa kitu. Niliona tu kwamba amefika. Sikujiuliza ni kitu gani kinachoweza kumfanya mtu kama yule atembee njia nzima chini ya ndege waliokuwa wanamwambia asimame. Mama alijiuliza, na jibu lilikuwa mbele yake linachuruzika maji. Mtu aliye na Ijumaa nyingine husubiri kwa muumini mwenzake karibu na Nyamira. Tata hakuwa nayo, alikuwa na siku moja tu, na hakutaka kuigawa na mtu.

Alfajiri alinipa ndege mkononi nimwachie mwenyewe. Moyo wake ulipiga kwenye vidole vyangu, mwepesi kiasi kwamba niliogopa kubana na niliogopa kulegeza. Aliruka moja kwa moja mpaka kwenye ua, akajitikisa, akapotea kwenye majani. Tukaenda kanisani. Tata aliimba kwa nguvu. Wazee walimsalimu, naye akawasalimu, na hakuna aliyemwuliza alifika saa ngapi. Mchana tulikula kiporo cha ugali na mboga za chinsaga, kisha tukakaa. Sijapata kuona siku ndefu kama ile. Makori alilia bila sababu. Mama alikunja nguo zilizokunjwa. Tata alienda kuangalia miche ya chai, akarudi, akaenda kuangalia ng'ombe, akarudi. Maneno yalikuwepo, kila mtu alikuwa nayo mdomoni, na Sabato ilikuwa imeyakalia.

Alikwenda. Nisiwazungushe. Alikwenda Nairobi na wale ndege, akawalisha miaka mingi, na Mama alikuwa amekosea kidogo tu kuhusu Krismasi. Karo yangu ilitoka kwenye kizimba kile. Nilisoma, nikafundisha, nikastaafu. Aliporudi kwa kudumu alikuwa mzee mwenye kikohozi, na mimi na yeye tulikuwa watu wawili wenye adabu waliokutana kwenye nyumba moja. Tulimzika mwaka jana. Watu walizungumza vizuri kaburini, na mimi nikatajwa kama matunda yake, na ni kweli. Lakini sikuanza kuandika ili nisimulie maisha yake. Nilitaka kusema habari ya jioni ile ya Jumamosi.

Mwanga ulikuwa unaanza kuondoka. Sabato huisha kama inavyoanza, na ndege ndiye pia aliyetuambia imetoka. Tata alikuwa ndani anavaa koti. Chini barabarani lori la ndizi lilikuwa limeshapiga honi mara moja. Nilitoka kumtafuta Mama, nikidhani yuko tayari kwa mazungumzo yake, yale aliyosema anajua atakavyomwambia. Nilimkuta kwenye ua. Alikuwa amesimama na nguo yake ya kanisani, ile nyeupe, kilemba kimelegea, anachungulia kwenye majani. Kurumbiza alikuwa humo. Alianza, chinichini, kama anajisemea.

Mama aliinama, akaokota donge la udongo, akarusha.

Ndege alinyamaza. Mama akasimama, mkono mchafu umeachwa mbali na gauni, anasikiliza. Hakuniona. Ndege akahamia kwenye mgomba, akajitikisa, akaanza upya, sasa kwa sauti. Nyumbani mlango ulifunguka. Mama akainama kuokota donge jingine.